Nami Nimebeba

Haya niliyaona mwenyewe, kwa macho yangu haya, tena nikiwa juu. Asiyeamini aje Makwale, huku Kyela, aulize nani aliezeka upya kile kinu cha zamani cha kukoboa mpunga walichokigeuza shule ya sanaa. Atatajiwa mimi. Shule niliishia njiani, sikatai, lakini bati nalijua kuliko mvua inavyolijua. Siku ile nilikuwa juu ya paa, nimeng'oa bati moja bovu, nachungulia ndani kama malaika mvivu.

Ilikuwa Jumamosi kama Jumamosi nyingine. Kokoa imeanikwa barabarani, harufu yake kama ya pombe inayoanza kuchacha. Mwalimu Georgina akashuka kwenye bodaboda, akajifuta vumbi, akajinyoosha gauni.

Huyu ni mtu wa Rombo, aliyehamishiwa kwetu kufundisha Baiolojia. Alipanga chumba Bondeni, pale mjini. Siku za kazi watu walimwita Madamu, na siku za mapumziko hakuitwa chochote. Alikuwa akitoka, anaiacha redio ikizungumza, ili akirudi akute sauti ndani. Majirani walimsalimia vizuri tu, kisha wakarudi kwenye Kinyakyusa chao na vicheko vyao, naye akafunga mlango polepole, wasijue kwamba alikuwa amesimama anasikiliza.

Mtu wa kwanza kumwita dada alikuwa Beatrice, Mkisi wa kule mwambao wa ziwa, anayefundisha ufinyanzi pale shuleni. Walikutana saluni, wanasukwa viti jirani. Beatrice alimtazama kwenye kioo akasema, "Dada, unasukwa kama mtu anayezikwa. Cheka kidogo." Georgina alicheka mpaka msusi akanuna. Baada ya hapo wakawa wanatembeleana, na Beatrice akamwalika shuleni. Ndiyo maana Jumamosi ile alikuja na nywele mpya, rasta nyembamba zilizomaliza asubuhi yake nzima.

Beatrice akamtembeza. Picha zimetundikwa pale yalipokuwa yakirundikwa magunia. Brashi zimejaa kwenye lile bakuli la bati lililokuwa likimeza mpunga. Gurudumu la mkanda bado liko ukutani, kubwa, limepigwa rangi ya samawati. Georgina alishika kila kitu kama mtoto.

Kufika uani kwenye vyungu lazima upite chumba cha injini. Injini yenyewe iliuzwa kama chuma chakavu, kimebaki kitako chake cha zege na giza. Wanafunzi walipofika mlangoni pale, kila mmoja alijitwika kitu. Huyu ubao wake wa kuchorea, yule kiatu.

"Nyie wasanii mna vituko," Georgina alisema.

Beatrice naye akajitwika bonge la udongo, akampa mwenzake jingine. "Weka kichwani, dada. Humu hatupiti kichwa kitupu."

"Udongo? Kwenye nywele hizi? We Beatrice, nimekaa saluni mpaka makalio yamekufa ganzi!"

"Basi weka hata kalamu."

"Tangulia, mchawi wewe. Nakuja."

Wakacheka. Beatrice akatangulia. Na mimi nilicheka kule juu, maana nilijua desturi ile, nikadhani mgeni haimhusu.

Georgina alipofika katikati ya chumba, alisimama kuangalia picha. Nyuma yake kuna mlango uliozibwa kwa matofali tangu kinu kilipofungwa. Bibi mmoja alikuwa amesimama hapo. Sikumwona akiingia. Kichwani ana tenga, mkono mmoja umelishika, na shingo imezama mabegani.

"Ugonile, mwanangu," akasema.

"Shikamoo, bibi."

"Nitue. Shingo imechoka."

Nani angekataa? Kwa miezi yote ile hakuna aliyemwomba Georgina chochote. Nilimwona uso wake: alifurahi. Akanyanyua mikono, akalipokea.

Mimi nilikuwa juu. Nililiona tenga kwa ndani. Lilikuwa tupu.

Lakini magoti ya Georgina yalikunjika.

Bibi akanyooka. Polepole, kama mgomba ulioondolewa gogo lililoulalia. "Ndaga," akashukuru kwa kunong'ona. "Ndaga fijo."

Kisha bibi hayupo. Tenga halipo. Georgina amesimama peke yake, mikono bado hewani, na kichwa kimeinama kama kinasukumwa.

Alipotokea uani, Beatrice alimtazama shingo tu. Bonge la udongo likamdondoka.

"Umemtua?"

"Nani? Yule bibi? Ametokea wapi?"

Beatrice alimkalisha kwenye kivuli cha tanuri, akamweleza kwa sauti ya chini. Zamani kinu kikifanya kazi, alikuja mwanamke mmoja na mpunga, mgeni, hana ndugu upande huu. Alisimama na mzigo kichwani akiomba atuliwe. Injini ilikuwa inanguruma. Wengine hawakumsikia, wengine waliogopa kupoteza nafasi kwenye foleni. Akasimama. Akaendelea kusimama. Alipoanguka, mzigo ulikuwa bado uko juu yake.

"Kwa hiyo tunapita tumebeba. Akikuomba, unamjibu, 'Nami nimebeba.' Anakuelewa. Haombi tena."

"Na ukimtua?"

Beatrice alimshika mkono. "Unabeba wewe. Mpaka na wewe umwombe mtu, naye akubali."

Georgina alijaribu kucheka. Shingo ilikataa.

Siku zilizofuata nilimwona mjini. Rasta zake zililala utosini, zikafanya duara, kama palipowekwa ngata. Kola ya blauzi ilianza kumgusa masikio. Darasani akawa anaandika chini kabisa ya ubao. Asubuhi alikuta pumba kwenye mto wake, akazikung'uta dirishani, na kesho yake akazikuta tena.

Maombi alipelekwa. Hospitali alipelekwa, picha ya shingo ikatoka safi. Alitibiwa kila kitu ila kile alichobeba.

Jioni moja, nami niko juu ya paa la jirani Bondeni, Beatrice akaja akasimama mlangoni kwa Georgina.

"Niombe, dada."

"Nenda nyumbani, Beatrice."

"Neno moja tu. Sema nikutue."

"Halafu wewe?"

"Mimi Mkisi. Tangu utoto natembea na vyungu kichwani. Nitajua mwenyewe."

"Una watoto."

"Watakua."

Georgina alifungua mdomo. Niliuona ule mdomo. Neno lilikuwa limefika kwenye meno, na mabegani uzito ukalegea kidogo, kama mnyama aliyesikia chakula. Mbele yake alisimama mtu pekee Kyela nzima aliyemwita dada, mikono imenyanyuliwa, tayari.

Akauma midomo. Damu ikatoka.

Akafunga mlango.

"Dada! Niombe!" Beatrice alipiga ubao kwa viganja. "Georgina! Niombe tu!"

Ndani redio ikaongezwa sauti.

Beatrice alirudi siku ya pili, na ya tatu. Georgina hakumfungulia. Hata majirani aliacha kuwasalimia, asije mmoja wao akamwambia, "Pole, nikusaidie," na ulimi ukamponyoka. Aliyekuwa akililia watu sasa aliwakimbia. Mtu mwenye huruma ndiye Georgina aliyemwogopa zaidi.

Kisha akaondoka. Nilimwona stendi akipanda basi la Mbeya, ameinama mlangoni ingawa mlango ulikuwa mrefu. Nikaenda kumwambia Beatrice. Alikaa chini akashukuru Mungu. "Amekwenda kwao," alisema. "Kwao wapo wengi. Watagawana."

Kazi yangu ya paa iliendelea. Mvua zilipoanza nikaitwa tena, panavuja juu ya chumba cha injini. Nilipita ndani kutafuta tundu. Mchana kweupe, wanafunzi wako uani, nawasikia wakitaniana. Mimi na bati langu kichwani, kama kawaida.

Sakafuni kulikuwa na pumba. Nikainama nikazigusa. Zilikuwa na joto, kama zimetoka kinuni sasa hivi.

Nikasikia mtu anapumua kwenye ule mlango wa matofali.

Nikangoja ile "ugonile" ya bibi. Nina jibu lake tayari mdomoni. Haikuja.

"Samahani, fundi," sauti ikasema. Ya mwanamke kijana. Kiswahili cha mgeni, cha upole, cha darasani. "Naomba..."

Ikakatika.

Nikasikia meno yakiuma kitu.

Nilitoka mbio, na mimi si mtu wa kukimbia, waulizeni. Paa lile halijazibwa mpaka leo.

Yote niliyoandika ni kweli tupu. Kitu kimoja tu nilikitunga, ili Beatrice apate usingizi, na kwa kukirudia rudia nikakizoea.

Lile basi.