Vifungo Vilivyoonyesha Bomba

Cherehani ilikuwa kimya tangu asubuhi. Fundi mwenyewe alikaa kitandani akimnywesha bintiye maji ya chumvi na sukari, kijiko kwa kijiko. Kipindupindu kilikuwa kimekosakosa kumuua, na sasa alidai chakula. Mama huyo alitaka kucheka kwa furaha. Lakini watoto wawili wengine walikuwa bado wazima, na roho haikutulia. Kesho zamu ya nani?

Jirani yake, mhudumu wa afya, alipiga hodi akiwa na daftari.

"Shoga, hii balaa inatoka wapi?" fundi alimuuliza. "Nadeki, nanawa. Watu wanasema ni harufu ya mtaro."

"Hata madaktari wa zamani walisema hivyo, eti ni hewa mbaya. Mpaka daktari mmoja, zaidi ya miaka mia moja na sitini iliyopita, alipopita nyumba kwa nyumba akiuliza waliokufa walichota maji wapi. Wengi walitumia pampu moja. Akawaomba wakubwa waing'oe mpini. Baadaye akachora ramani, kila kifo na alama yake."

Fundi aliinuka kama aliyechomwa sindano. Alitandaza kitambaa mezani, akachora mtaa mzima kwa chaki, kisha akamwaga kopo la vifungo.

"Nisomee nyumba zenye wagonjwa."

"Muuza mkaa, wawili. Kinyozi, mmoja. Mshona viatu, watatu."

Kwa kila mgonjwa fundi aliweka kifungo kimoja, vikajazana penye bomba la kona. Kimoja tu kilikaa mbali, nyumbani kwa mwalimu.

"Huyu anatuharibia hesabu," alisema fundi.

"Hatuharibii. Bomba la kwao limekauka. Siku hizi wanachota hapo kona."

Fundi alizungushia bomba la kona duara la chaki. Kisha alikumbuka nani alitengeneza paipu ya kona wiki tatu zilizopita, akaiweka chaki chini.

Mumewe, fundi bomba, aliingia na mfuko wake wa spana. Wakamweleza.

"Paipu yangu? Niliifunga mpira wa tairi, nikakaza. Haivuji hata tone."

"Maji yakiwepo haivuji, shemeji," alisema mhudumu. "Yakikatwa je? Paipu ikibaki tupu hunyonya kilicho nje. Na ile inapita ndani ya mtaro wenye vinyesi."

Mwanamume aliweka mfuko chini, akavihesabu vifungo kimoja kimoja.

"Mke wangu, mtaa mzima utanicheka."

"Wacha wacheke. Mwanao amepona kwa kijiko, baba. Hawa wawili je?"

Mume alichukua spana, akaenda moja kwa moja hadi kona, akafunga koki mbele ya foleni ya ndoo.

"Msichote hapa," alisema. "Kosa ni langu."

Wengine walimcheka, wengine walimtukana. Yeye alichimba. Kwa siku mbili watu walichota kwingine, wakachemsha maji ya kunywa, huku yeye akiweka paipu mpya juu, mbali na mtaro. Mke alimshikia tochi na kumtania kwamba mshono wake sasa umenyooka.

Wiki mbili zilipita. Mhudumu alifungua daftari lake, akawaonyesha ukurasa mtupu. Hakuna mgonjwa mpya hata mmoja. Fundi cherehani alimkumbatia mpaka kalamu ikaanguka.

Mumewe hakukaa kusherehekea. Alibeba mfuko wake, akazunguka mitaa mingine kutafuta kila mpira alioufunga kwenye paipu kwa mkono wake. Alipata tisa.