Swichi Mbili za Korido

Katika nyumba ya Waziri, huko Mikelenge, mtaa wa mji wa Kindu, siku ilianza na Mama Aziza. Alikuwa mama mzazi wa Waziri. Aliamka kabla ya wote, akatoka chumbani, akapita korido ndefu mpaka barazani penye pipa la maji. Hapo alitawadha kwa sala ya alfajiri. Mumewe, Mzee Bulaimu, alimfuata nyuma polepole, maana macho yake yalikuwa yamefifia.

Chumba cha wazee kiliongezwa nyuma ya nyumba, mahali palipo chini kidogo. Kwa hiyo katikati ya korido kulikuwa na vidato viwili vya saruji. Taa ilikuwa moja. Swichi yake nayo ilikuwa moja, karibu na mlango wa mbele. Zawadi, mke wa Waziri, ndiye aliyeizima kila siku kabla ya kulala. Balbu zilikuwa adimu. Zililetwa kwa treni; ikikawia, maduka yote ya Kindu yaliishiwa.

Asubuhi moja ya mvua, Mama Aziza alipapasa ukuta kama kawaida. Alijikwaa kwenye kidato, akaanguka kwa ubavu. Zawadi alisikia kishindo, akaikimbilia swichi. Taa ilipowaka, alimwona mama mkwe wake sakafuni, mguu umepinda.

Hospitalini waliambiwa kwamba nyonga imevunjika. Mama Aziza hakusimama tena. Alilala kitandani majuma mengi, kifua kikaziba, akafariki mikononi mwa Zawadi. Waislamu wa mtaa walimzika. Majirani Wakristo nao walikaa matangani mpaka mwisho.

Baada ya matanga, Mzee Bulaimu alipita korido ile peke yake. Zawadi alikuwa macho kitandani, akisikiliza mkono wa mzee ukikwaruza ukuta. Alimwomba mumewe waiache taa iwake mpaka asubuhi. Waliiacha. Haikupita muda, balbu ikaungua, na nyingine wakaipata kwa taabu sana.

Jirani yao Kitenge alikuwa fundi wa umeme kwenye karakana ya treni. Zamani aliitwa Désiré, kabla ya serikali kukataza majina ya Kizungu. Jumamosi moja, baada ya salongo, ile kazi ya lazima ya kusafisha mtaa, alipita kuwajulia hali. Zawadi akashindwa kujizuia.

"Ni mimi nilizima ile taa," alisema. "Kila siku ni mimi."

Kitenge aliitazama ile swichi karibu na mlango wa mbele.

"Mama Hawa, hukukosa," alijibu, akimwita kwa jina la mwanawe. "Shida iko kwa nyumba. Mama alihitaji mwanga kule nyuma, swichi iko huku mbele. Muntu atembee gizani kwanza, ndipo apate taa?"

"Sasa dawa iko?"

"Iko. Taa moja, swichi mbili. Moja huku, moja kwa mlango wa muzee. Unawasha kule, unazima huku."

Waziri aliuliza kama angeweza kuongeza swichi ya kawaida yeye mwenyewe. Kitenge alimkataza. Alisema umeme unaua, na tena swichi ya kawaida haifai. Inatakiwa ile yenye skrubu tatu za kufungia waya, ambayo mafundi wanaiita va-et-vient, yaani kwenda na kurudi.

Alimchorea kwa kijiti mchangani. Waya wa moto, yaani ule unaoleta umeme, unaingia swichi ya kwanza. Kati ya swichi hizo zinapita waya mbili, kama njia mbili za kwenda mto mmoja. Kutoka swichi ya pili waya mmoja unafika kwenye taa. Swichi zote zikielekea njia ile ile, umeme unapita. Moja ikigeukia njia nyingine, taa inazimika.

Siku ya kazi, Kitenge alikata kwanza umeme wa nyumba nzima. Kisha akapima kila waya kwa bisibisi ya kupimia, akahakikisha hauna moto. Ndipo akaushika. Swichi ya mbele aliibadilisha, na ya pili aliiweka kwenye mlango wa mzee, pale mkono wake unapofika bila kutafuta.

Mzee Bulaimu aliibonyeza. Mwanga ukajaa korido. Alivitazama vile vidato kwa muda mrefu.

"Asante, mwanangu," alisema. "Aliyekuwa wa kwanza kuamka hakuiwahi."

Kesho yake alfajiri, Zawadi alisikia swichi ikilia. Mwanga ukapenya chini ya mlango wake. Nyayo za mzee zikapanda vidato bila haraka, zikafika barazani, na maji yakamwagika. Zawadi akajifunika kanga usoni, akalia kwa sauti ndogo. Halafu usingizi ukamchukua.