Moto Upo

Sarafu ilidumbukia, ikalia *kling'*, na Kipepeo kikapanda.

Kilikuwa kiti cha manjano chenye mabawa mawili. Hakikuwa na mguu wala kamba. Kiliinuliwa na nguvu ya sumaku kutoka sakafuni hadi mita moja na nusu, kikaelea hapo kikiyumbayumba, kikamsubiri mtoto ambaye asubuhi hiyo hakuwepo. Aliyetumbukiza sarafu alikuwa Bi Generosa Ndalichuma, mwenyekiti wa Baraza la Usalama wa Kumbi, aliyetaka kuona kwa macho yake mashine aliyokuja kuitolea hukumu.

Mwaka 2094, mtu wa Tabora alinunua mkate kwa kuonyesha kiganja, na alipanda treni ya angani kwa kuikonyeza kamera. Lakini ndani ya Ukumbi wa Furaha Angavu kila mashine bado ilikula sarafu ya shaba. Shirika lenye ukumbi lilijaribu mara mbili kuziondoa sarafu, na mara zote mbili watoto walisusa. Walitaka ule mlio. Walitaka kujua kwamba mashine imeamka kwa sababu wao wameiamsha.

"Inapendeza," alisema Mwenyekiti kiti kiliposhuka, akarudi kuketi. "Sasa tuambiane iliunguzaje mkono wa mtu."

Nyamizi Kapela alisimama upande wa mafundi, karibu kabisa na Kipepeo. Alikuwa na miaka ishirini na saba, saba kati ya hiyo akiwa amepiga magoti mbele ya mashine za sarafu na mita ya kupimia umeme mkononi. Kando yake aliketi Fundi Maganga, aliyemfundisha kazi hiyo. Mkono wa kulia wa mzee ulikuwa ndani ya glavu nyeupe ya hospitali, umelala juu ya paja lake kama kitu cha kuazima.

"Fundi, umekunywa chai?" Nyamizi alimnong'oneza.

"Nimenyweshwa. Mke wangu ananishikia kikombe, halafu ananifuta mdomo. Bado kunibeba mgongoni tu."

"Mwambie asikuzoeze vibaya."

"Wewe binti, nyamaza. Wakili wa watu anasimama."

Wakili Elibariki Msangi, aliyelisemea shirika, aliinuka na kuonyesha darini. Huko, kwenye reli iliyouzunguka ukumbi wote, lilining'inia sanduku jembamba lenye jicho moja na mikono minne. Huyo ndiye Msasi, roboti aliyeletwa mwaka uliopita kuwinda hitilafu. Alisikia kila neno la fundi mwenye beji, na alipewa mamlaka juu ya kila swichi.

"Mheshimiwa Mwenyekiti, tusikilize kumbukumbu," alisema Msangi.

Sauti ya Maganga ikatoka kwenye kipaza sauti, tulivu, ya mtu aliyeinama kazini: "Moto bado upo. Ngoja niumalize." Kisha king'ora. Kisha yowe ambalo Nyamizi alikuwa akilisikia kila alipofumba macho kwa wiki sita.

"Fundi alitangaza moto," Msangi aliendelea. "Msasi akatimiza wajibu wake. Alifunga milango ya kuzuia moto usienee, akafungua njia ya dharura ya umeme ili kiti kishuke salama kama kuna mtoto juu. Lakini moto haukuwepo, Mheshimiwa. Hakukuwa na moshi, hakukuwa na cheche. Kwa sheria ya kumbi za umma, anayetangaza moto wa uongo hufutwa kwenye Daftari la Mafundi maisha yake yote. Tunasikitika kwa mkono wake. Ila kosa ni la mdomo wake."

Nyuma, mafundi zaidi ya ishirini walioacha kazi zao kuja kusikiliza wakaanza kuguna. Maganga hakuguna. Alikuwa ameishi katika daftari hilo miaka thelathini na minne. Mkono ulikuwa umeshakwenda, jina ndilo lililobaki.

"Upande wa fundi," aliita Mwenyekiti.

Nyamizi alisogea mbele. "Mheshimiwa, siku ile Kipepeo kilikuwa kinameza sarafu na hakipandi. Tulianza pale sarafu inapoingilia. Kitambuzi kilikuwa kizima, kila sarafu ikipita kinatuma ishara. Tukapima fyuzi, nzima. Tukafika kwenye relei, hiki kiswichi kinachojifunga chenyewe kikipata ishara ili umeme uende kwenye sumaku. Tukaishuku relei. Ili kuitoa, tulizima swichi kuu na kuifunga kwa kufuli. Ufunguo nilikuwa nao mimi, mfukoni."

"Na umeme ukaisha?" aliuliza Mwenyekiti.

"Hapana. Ndani kuna kapasita, hivi vikopo. Vinaweka akiba ya umeme hata swichi ikishazimwa. Fundi akapima, akakuta volti thelathini zimebaki. Kidogo tu. Akaniambia, moto bado upo, ngoja niumalize. Akaingiza mkono kubana waya wa kumwagia ule umeme uliobaki. Ndivyo alivyonifundisha, ndivyo alivyofundishwa. Hapo hapo Msasi akafungua njia ya dharura. Volti mia tisa, Mheshimiwa, zikaikwepa swichi yetu na kufuli letu. Glavu iliyeyukia kwenye ngozi."

Msangi alitabasamu kwa upole. "Kwa hiyo unakiri alisema moto."

"Alisema moto. Angesema nini?"

"Angesema volteji. Au umeme. Kamusi ya amri ya Msasi ina maneno elfu nne ya Kiswahili sanifu, na mafundi wote walipewa."

"Mheshimiwa, naomba nimuulize Msasi maswali matatu."

Mwenyekiti aliinua kichwa. "Msasi, jibu."

"Waya wa moto ni nini?" aliuliza Nyamizi.

"Ni waya unaoungua," alijibu Msasi, kwa sauti laini ya mtangazaji.

Kicheko kikapita nyuma.

"Kapasita imeshiba. Maana yake?"

"Kapasita imekula chakula cha kutosha."

"Na mashine imekufa?"

"Kifo huripotiwa idara ya afya."

"Ndiyo maana ambulensi ilikuja Jumanne ile!" mtu alipiga kelele, na ukumbi mzima ukaangua kicheko. Hata Mwenyekiti aliziba mdomo kwa karatasi zake.

Nyamizi hakucheka. "Mheshimiwa, hapa Tabora kila nyumba yenye taa ina waya wa moto, ule unaoleta umeme. Bibi yangu hakujua volti ni nini, lakini alijua kuuliza kama moto umerudi. Hilo si neno la uchochoroni. Ni Kiswahili, tena ni Kiswahili kinachookoa watu, kwa sababu ni kifupi na mtu hulisikia hata akiwa amegeuka. Msasi hajui. Kutojua si dhambi. Dhambi ni kumpa swichi mtu asiyejua wenzake wanasema nini, halafu wakiungua unawahukumu wao."

"Hayo ni maoni," alisema Msangi. "Hakuna uthibitisho kwamba njia ya dharura ndiyo iliyomuunguza. Huenda fundi aligusa pasipoguswa."

"Basi tupime."

"Napinga! Haruhusiwi kugusa swichi ya ukumbi."

"Sijaomba kugusa swichi, wakili. Nimeomba kuongea."

Mwenyekiti aliitazama ile glavu nyeupe, akamtazama Nyamizi. "Ukifanya hivyo, dada, na ikaonekana ni wewe uliyetangaza moto wa uongo mbele ya Baraza, nitalazimika kukufuta wewe pia. Unalielewa hilo?"

"Nalielewa."

"Nyamizi," aliita Maganga. Mzee hakuwa akimwita kwa jina ila mambo yakiwa mazito. "Acha. Mimi nimeshazeeka. Watanifuta, nitauza karanga."

"Na huo mkono utazikaanga karanga?"

Nyamizi alizima swichi kuu mbele ya macho ya wote, chini ya ruhusa ya Mwenyekiti, akaipiga kufuli na kuuweka ufunguo mezani pa Baraza. Akafungua mlango mdogo tumboni mwa Kipepeo. Akamwaga umeme wa kapasita, akapima, akamwonyesha Mwenyekiti mita inasoma sifuri. Kisha, pale mkono wa Maganga ulipokuwa, akafunga taa ndogo ya majaribio, na akarudi nyuma hatua tano.

"Kimya, kila mtu," aliagiza Mwenyekiti. "Msasi, toka katika hali ya ushahidi. Ingia kazini."

Jicho darini likageuka kutoka bluu kuwa kijani. Nyamizi aliigusa beji yake kifuani. Alilitamka neno lile kama anavyolitamka kila siku, kama walivyolitamka mafundi wa Tabora kabla Msasi hajaundwa.

"Moto upo."

King'ora kikalipuka. Milango ya chuma ikashuka kwa kishindo. Na ndani ya tumbo la mashine iliyofungwa kwa kufuli, taa iliwaka kwa weupe wa kutisha kwa muda wa kupepesa jicho, ikapasuka *pa!* Vipande vya kioo vikanyesha sakafuni. Harufu ya kuungua ikatambaa hadi mezani, na Mwenyekiti, bila kujua, akauficha mkono wake wa kulia chini ya meza.

Msasi ndiye aliyeanza kusema. "Sioni moto," alisema. "Naomba ufafanuzi. Moto upo wapi?"

"Mwulizeni wakili," alisema Nyamizi.

Milango ilipofunguliwa, Msangi alikuwa ameshapata maneno mapya. Alisimama bila haraka. Shirika, alisema, halikuwa na ubishi tena. Ripoti iandikwe kwamba chanzo cha ajali ni hitilafu ya mawasiliano. Fundi Maganga abaki kwenye daftari. Na kuanzia wiki ijayo mafundi wote wahifadhi maneno mia mbili ya kazini, yatakayoandaliwa na shirika, ili jambo hili lisijirudie.

Watu kadhaa walishusha pumzi. Ilikuwa nafuu. Jina la mzee lingebaki. Maganga mwenyewe alimvuta Nyamizi mkono wa shati kwa mkono wa kushoto. "Tuchukue hiyo, binti. Imetosha."

Nyamizi alitamani kuichukua. Alikuwa amechoka. Lakini alijiuliza nani atakayekuwa amekosea katika ripoti hiyo, akaona hakuna mtu.

"Hapana," alisema. "Mawasiliano hayana mkono wa kuungua, Mheshimiwa. Wala hayana kidole cha kufungua njia ya dharura. Andika nani alisema na nani hakuelewa. Na hayo maneno mia mbili, siyahifadhi. Mimi lugha hii nimezaliwa nayo, yeye amewashwa juzi. Anayepaswa kujifunza ni nani?"

"Unataka roboti aingie darasani?" Msangi aliuliza.

"Nataka atolewe kwenye swichi, akae chini, asikilize. Tutamfundisha. Tulimfundisha hata Kashindye pale nyuma, aliyekuwa anaita fyuzi 'kidude'."

"Nimeacha!" alilalamika Kashindye, na watu wakacheka tena, safari hii kwa kujiamini.

Mwenyekiti aliivuta kalamu-nuru yake na kuandika, akisoma kwa sauti kila alichoandika. "Chanzo cha ajali. Fundi alisema sawasawa. Mashine haikumwelewa. Walioipa mamlaka ya swichi hawakuwa wameifundisha lugha ya watu inaofanya kazi nao." Akanyanyua macho. "Msasi ataondolewa kwenye swichi zote mpaka mafundi wenyewe waseme yuko tayari. Fundi Maganga, njoo utie saini. Ripoti haina nguvu bila alama yako."

Mzee alisimama. Mezani palikuwa na kioo kidogo cha kusomea alama ya kidole gumba. Alivua glavu kwa meno, polepole, na waliokuwa mbele wakaangalia pembeni. Akaushusha mkono juu ya kioo.

"Alama haitambuliki," kilisema kioo.

Akajaribu tena.

"Alama haitambuliki."

Maganga aliinama akakitazama kidole chake kwa karibu, ngozi yake nyororo, inayong'aa, isiyo na mstari hata mmoja. "Nyamizi," aliuliza, "nimekigusa kioo kweli? Maana mimi sisikii kitu."

Mkono huu ulikuwa ukigusa kava la mashine na kujua, kwa mtetemo tu, relei ipi imechoka.

"Umekigusa, Fundi."

"Anaweza kutiliwa saini na mwingine," Msangi alisema, na safari hii upole wake ulikuwa wa kweli. "Sheria inaruhusu. Hata Msasi anaweza kuthibitisha utambulisho wake."

"Asithubutu," alisema Nyamizi.

Alitoa mfukoni kalamu ya wino, ile ya kuandikia namba kwenye nyaya, na kumwomba Mwenyekiti ripoti ichapwe kwenye karatasi. Ilichukua muda, maana karatasi ilibidi itafutwe. Ilipoletwa, Maganga aliishika kalamu kwa mkono wa kushoto, mkono ambao haujawahi kuandika hata herufi moja. Akachora M iliyolala ubavu. Akaanza A. Kalamu ikamponyoka, ikaviringika sakafuni kati ya vipande vya kioo. Nyamizi akaiokota, akampa tena. Mafundi walisogea, wakaizunguka meza, wakasimama.

Msangi akatazama saa yake.

"Kama una haraka, wakili, tangulia," alisema Nyamizi. "Sisi bado tunaandika."