Nyumba Iliyovikwa Vitambaa

Cherehani ya fundi ilikaa dirishani, na dirisha lilitazama lango la wifi yake. Shida ilianzia hapo. Fundi alishona sare za shule, jicho moja kwenye sindano, jingine ng'ambo ya barabara. Sanduku la magurudumu likipita, mguu wake ulisimama. Kururu, kururu, kururu. Halafu lango la wifi likafunguka.

"Wa tano tangu Jumatatu," alisema asubuhi moja.

"Nani?" aliuliza mumewe, akinywa chai.

"Wageni wa dada yako."

"Kumbe unawahesabu?"

"Siwahesabu. Wanapita tu mbele ya macho yangu."

Mumewe alicheka. Fundi hakucheka. Nyuma ya nyumba yao kulikuwa na nyumba ndogo: chumba, sebule na bafu. Fundi aliijenga mwenyewe kwa miaka tisa, kwa fedha za sare, sketi baada ya sketi. Mwaka jana aliitangaza kwenye simu, kwenye mtandao ambako watu hutafuta nyumba za kulala siku chache. Wifi yake alitangaza ya kwake baadaye, tena baada ya kumwuliza yeye inavyofanywa! Sasa ya wifi ilijaa kila wiki. Ya fundi ilipata mgeni mmoja kwa mwezi, na mwezi huu hakuja hata wa dawa.

"Mke wangu," mumewe alisema, akaweka kikombe chini. "Yule mwenye duka la saruji ameniuliza tena. Anataka nyumba ndogo iwe ghala."

"Umemjibu nini?"

"Nimemwambia asubiri mpaka mwisho wa mwezi ujao. Nyumba tupu inaliwa na mchwa. Wageni wakija, sawa. Wasipokuja, saruji iingie."

Saruji ndani ya nyumba yake! Machozi yalimlengalenga. Aliona mifuko imepangwa mpaka dari, na vumbi la kijivu juu ya sakafu aliyoisugua kwa mikono yake. Kisha sanduku jingine likapita nje, na roho ikamuuma zaidi.

Siku ya Alhamisi manyunyu yalianza. Mwanamke mmoja alisimama mlangoni kwa fundi. Alikuwa na begi zito, na mtoto wa miaka mitano mgongoni. Jicho moja la mtoto lilifungwa bandeji.

"Samahani, dada. Natafuta nyumba ya wageni yenye lango la bluu. Simu yangu imeisha chaji."

Lango la bluu lilikuwa hapo hapo, ng'ambo ya barabara. Lori la mchanga tu ndilo lililoegeshwa mbele yake, likaliziba. Fundi alifungua mdomo amwonyeshe. Mdomo ukasema mengine.

"Panda kilima hiki mpaka juu, kisha kata kushoto."

"Asante sana, dada yangu."

Asante ile ilimchoma. Aliinuka amwite mwanamke arudi, lakini akakaa tena. Mvua ikashuka kwelikweli. Saa nzima ilipita ndipo mwanamke akateremka, amelowa chapachapa, mtoto akilia. Lori lilikwisha ondoka. Wifi alitoka mbio na mwavuli na taulo. Fundi alifunga dirisha.

Wiki iliyofuata alipita mtu anayemjua. Alikuwa mwuza mbegu, mtu wa safari nyingi, mgeni pekee aliyewahi kulala kwa fundi mara mbili. Leo alielekea lango la bluu na begi lake, bila hata kugeuza shingo. Fundi hakuvumilia. Alitoka nje, utepe wa kupimia ukining'inia shingoni.

"Kaka! Nimekukosea nini?"

Mwuza mbegu aliona haya. "Hujanikosea, Fundi. Mito yako imenishinda."

"Mito?"

"Kitandani iko kumi na mmoja. Sikuona pa kuiweka. Begi langu lililala bafuni." Akakuna kichwa. "Mimi nalala nyumba za watu siku mia mbili kwa mwaka. Ukitaka ukweli nitakupa. Ila usinichome sindano."

Fundi alimpa kigoda, shingo upande. Mwuza mbegu akafungua tangazo lake kwenye simu. Picha ya kwanza ilionyesha kochi lililofunikwa kitambaa chenye marinda. Ya pili, televisheni iliyofunikwa. Ya tatu, friji iliyofunikwa. Ya nne, mapazia.

"Hii ni nini?" aliuliza.

"Nyumba yangu."

"Mimi nilidhani duka la vitambaa. Mgeni anataka kuona kitanda, bafu, dirisha na pa kukaa. Wewe umevivika nguo vyote."

Kila rinda pale alilishona kwa mkono wake.

"Sasa soma maneno yako."

"Nyumba nzuri kuliko zote. Karibuni sana," fundi alisoma.

"Soma na ya wifi yako."

Hapo ilikuwa kazi. Alisoma kwa sauti ndogo: "Vitanda viwili. Maji ya moto huanza saa moja asubuhi. Mlangoni kuna ngazi sita. Una mzee au mgonjwa? Niulize kwanza." Akainua uso. "Amejichongea mwenyewe!"

"Amesema kweli. Mgeni aliyeambiwa kuna ngazi hanuni akizikuta. Asiyeambiwa anakasirika, na anayaandika huko huko, kila mtu asome. Haya, hospitali ya macho iko wapi?"

"Hapo nyuma. Dakika nane kwa miguu."

"Nusu ya wanaolala mtaa huu wanaleta wagonjwa pale. Umeandika?"

Fundi hakuwa ameandika.

"Tena, mwezi uliopita nilikutumia ujumbe saa tatu asubuhi. Ulijibu saa kumi jioni."

"Nilikuwa nashona."

"Na mimi nilikuwa stendi na begi langu. Mgeni huuliza nyumba mbili tatu kwa pamoja. Anayejibu kwanza ndiye anayempata. Halafu Jumamosi na Jumapili zote kwenye kalenda umezifunga. Kwa nini?"

"Nimewawekea ndugu zangu, wasije wakafika ghafla."

"Wamefika?"

"Bado."

"Tangu lini?"

"Tangu mwaka jana," fundi alisema, na yeye mwenyewe akaanza kucheka.

Mwuza mbegu alisimama. "Fanya jambo moja. Kesho lala humo wewe mwenyewe. Lakini usipite uani kama mwenye nyumba. Chukua begi, nenda mpaka kituo cha basi, ufuate maelekezo uliyoyaandika. Utayaona ambayo mimi nimesahau."

Kesho yake alasiri fundi alifika kituoni na begi. Maelekezo yake yalisema: "Ukishuka kwenye basi, uliza kwa fundi." Akamwuliza mshona viatu, kana kwamba ni mgeni kabisa.

"Fundi yupi?" mshona viatu akamjibu. "Wa baiskeli, wa redio, wa bomba? Hapa sote ni mafundi."

Alipofika, mumewe alikuwa langoni, mbavu hana. "Karibu mgeni! Unakaa siku ngapi?"

Ndani, hapakuwa na pa kuweka begi. Soketi ilikuwa nyuma ya kabati, na kabati halisogei. Mapazia mazito yalimlazimisha kuwasha taa jua likiwaka. Bafuni hapakuwa na msumari wa kutundika taulo. Mito aliirundika sakafuni, akajikwaa nayo mara mbili. Asubuhi alitoka shingo imekakamaa.

"Vipi, mgeni? Utarudi?" mumewe aliuliza.

"Sirudi," fundi alisema. "Na ningekuwa na mdomo mbaya, ningewaambia na wenzangu."

Jumamosi waliingia kazini wote wawili. Marinda yote yalitoka. Mito ilibaki miwili. Fundi alishona mapazia mapya ya kitambaa chepesi. Mumewe alileta meza ndogo na kiti, akaviweka chini ya dirisha. Fundi wa umeme alileta soketi karibu na kitanda. Waliandika namba ya nyumba langoni kwa rangi nyeupe. Saa nne asubuhi, mwanga ukiwa mwingi, walifungua madirisha yote. Mumewe akasimama pembeni mwa kila chumba na kupiga picha, chumba kionekane chote. Bafu nalo likapigwa.

Kisha fundi aliandika upya: "Kitanda kimoja kikubwa na godoro la mtoto. Hakuna ngazi. Hospitali ya macho ni dakika nane kwa miguu. Cherehani hulia mpaka saa kumi na moja jioni."

"Hilo la cherehani litafukuza watu," mumewe alisema.

"Asiyelipenda asije. Akija akanuna ni hasara zaidi."

Alifungua siku zote za kalenda. Bei ya wiki nzima akaipunguza kidogo. Picha ya lango akaiweka kwenye maelekezo. Simu ikahamia mezani, kando ya mkasi.

Siku ya nne simu ililia. Mtu alitaka nyumba kwa wiki tatu. Fundi alijibu kabla gurudumu la cherehani halijasimama. Wiki tatu! Alitazama lango la bluu na, kusema kweli, alitamani wifi angekuwepo aone.

Siku ya mgeni kufika, fundi alingoja langoni. Alikuja mwanamke mwenye begi zito, na mtoto amemshika mkono. Sasa macho yote mawili ya mtoto yalifungwa bandeji. Fundi aliutambua uso wa mama yake.

Mwanamke alisimama. Alimtazama usoni, akautazama utepe shingoni. "Wewe si ndiye uliyetupandisha kilima?"

Uongo ulikuwa karibu kabisa. Angeweza kusema mtaa ni mkubwa, watu wanafanana. Nje ya nyumba hii saruji ilikuwa inangoja.

"Ndiye mimi," alisema.

"Hukulijua lile lango?"

"Nililijua. Lilikuwa hapo mbele yetu. Nilimwonea wivu wifi yangu, hasira nikazimalizia kwako. Nisamehe, dada. Ukitaka kuondoka, nitakurudishia kila kitu, na mimi mwenyewe nitakusindikiza mpaka upate pengine."

Mtoto alikuwa amemwachia mama yake mkono. Alipapasa kizingiti kwa mguu, akaingia, akapapasa tena mbele.

"Mama," aliita kutoka ndani, "hapa hakuna ngazi!"

Mwanamke alishusha pumzi, akavua viatu. "Kule kwa wifi yako kuna ngazi," alisema. "Ndiyo maana nikachagua hapa. Nionyeshe maji."

Wiki tatu zilipita. Mtoto alifunguliwa bandeji, akaanza kuzitaja rangi za nyuzi za fundi, moja moja. Siku walipoondoka, wageni wengine wawili walikuwa wamekwisha weka nafasi. Jioni mumewe alishika simu akasoma maoni.

"Nyota tano. Sikiliza: 'Nyumba iko kama ilivyoandikwa. Safi, na karibu na hospitali. Mwenyeji anasema kweli hata pale inapomuuma.'" Akainua kichwa. "Pale inapokuuma ni wapi?"

Fundi akamwambia yote, tangu lori la mchanga. Mumewe alimrudishia simu yake. Mara ya kwake mwenyewe ikalia. Alikuwa mwenye duka la saruji.

"Hapana, ndugu yangu," mumewe alimjibu. "Tafuta kwingine. Nyumba ina watu."

Fundi alivua utepe shingoni, akavuka barabara. Kabla hajabisha, lango la bluu lilifunguka. Wifi alisimama hapo na simu mkononi.

"Nimeyasoma maoni yako," wifi alisema. "Mwenyeji mkweli! Mimi hawajawahi kuniandikia hivyo. Wivu umenikaba mpaka hapa kooni."

"Nipishe niingie, wifi yangu," fundi alisema. "Nina la kukuambia. Ukilisikia, wivu wote utakuisha."