Alama ya Kumi

Kila asubuhi kabla ya kwenda shule, Chaba alimpelekea bibi yake uji wa mchele. Bibi Lamduan aliketi barazani, mahali palepale, akichambua samaki wadogo, vibua. Aliwatoa miiba kwa vidole vyake vyembamba, akaweka nyama safi kwenye kisahani cha bluu. Kisha akakisogeza kisahani hadi ukingoni, akasubiri.

Hakuna aliyekuja kula. Nzi walikuja, basi.

"Bibi, kunywa uji kidogo," Chaba alisema.

"Nimeshiba, mjukuu wangu."

"Umeshiba nini? Jana pia hukula!"

Bibi alikuwa anatazama dirisha la jikoni, kwa sababu Chaba mwenyewe ndiye aliyemwambia kwamba Nuan, paka wake, alitorokea pale. Ni mvua ngapi zilikuwa zimenyesha tangu siku hiyo, na bado mwanamke huyu alilikodolea macho lile dirisha kama mtu anayengoja basi. Alikuwa amekonda hadi sketi yake ilimzunguka mara mbili. Usiku uliopita mama yake Chaba alisema wazi kwamba wasipofanya jambo, watamzika bibi kwa ajili ya paka.

Chaba alikwenda shule akiwa na neno hilo kichwani.

Nuan hakuwa paka wa hivi hivi. Alikuwa wichienmat, yaani paka wa Siam, halisi wa zamani, mwenye kichwa cha mviringo na mwili ulioshiba, si hawa wa siku hizi wenye uso uliochongoka kama panya buku. Mwili wake ulikuwa na rangi ya tui, na juu yake alama nyeusi tisa: uso, masikio mawili, miguu minne, mkia, na ile ndogo iliyojificha chini ya mkia. Chaba alijifunza kuzihesabu kabla hajajua kuhesabu vidole.

Na dirisha lile halikuwa wazi hata kidogo. Huo ndio ulikuwa ukweli, na Chaba alikuwa ameumeza.

Ukame ulikuwa mkali mwaka ule. Watu wa kijiji cha ng'ambo ya mfereji waliamua kumtembeza paka ili waombe mvua: paka hutiwa ndani ya tenga, ngoma zinapigwa, nyumba kwa nyumba watu wanammwagia maji. Mwaka uliotangulia walitumia mwanasesere wa paka, na mvua haikuja. Kosum, rafiki yake Chaba anayeishi huko, alimchokoza. "Nyie mna paka halisi mnamficha! Mpunga wetu ukikauka tutakuja kula kwenu."

Chaba alimwomba bibi. Bibi alikataa katakata. "Nuan haogi maji ya watu. Wamwagie mwanasesere wao."

Bibi aliposinzia mchana, Chaba alimbeba Nuan akamvusha mfereji. Alidhani atamrudisha kabla bibi hajaamka. Lakini ndoo ya kwanza tu ilipomwagwa, Nuan alipiga ukelele, akapasua mfuniko wa tenga na kutokomea kwenye mashamba ya miwa. Watu wa huko walicheka, wakaendelea na ngoma zao. Jioni mvua ikanyesha kweli, kijiji kizima kikashangilia, na Chaba akarudi nyumbani ameloa, hana paka, na ulimi ukatangulia kabla ya akili: "Bibi, nimekuta dirisha la jikoni wazi."

Basi wote wakamtafuta Nuan upande huu wa mfereji. Mama alibandika picha kwenye kila nguzo ya upande huu. Chaba peke yake, akiiba muda baada ya shule, alizunguka miwa ya ng'ambo akiita hadi sauti ikakauka. Miwa ni mingi. Hakupata hata unyoya.

Jumamosi alimfuata Kosum. "Nataka paka mwingine," alisema. "Anayefanana na Nuan kabisa. Bibi haoni vizuri, hatajua."

"Una wazimu," Kosum alisema, lakini alitoa baiskeli.

Walianza kwenye makao ya paka, hekaluni, mjini. Mtawa mmoja mwenye nguo nyeupe, Mama Bunruean, aliwapitisha kwenye vizimba. Kulikuwa na wichienmat mmoja tu, amejikunja kwenye kona, kaelekeza uso ukutani. Chaba akahesabu. Masikio, miguu, mkia... halafu akaliona doa jeusi kubwa ubavuni.

"Ana kumi," alisema, na machozi yakamjaa. "Huyu si halisi."

"Si halisi!" Mama Bunruean alicheka. "Anakula halisi sana. Haya, kesho asubuhi kuna familia ya Bangkok inakuja kumchukua. Wao hawahesabu."

Kutoka hapo walikanyaga pedali hadi kwa Babu Prayong, mzee anayefuga wichienmat wa asili. Paka walikuwa wamelala kwenye kila ngazi ya nyumba yake. Chaba alimpigia magoti huku viganja vimeungana. Alimweleza habari ya bibi asiyekula, akaomba paka mkubwa, jike, mnene kiasi.

"Wakubwa wangu wote wana kwao," alisema Babu Prayong. "Watoto ndio hawa." Alifunua kikapu. Ndani mlikuwa na vitoto vyeupe pee, bila alama yoyote. "Wanazaliwa hivi. Alama huja polepole. Au unataka nimpake masizi mmoja, ukamdanganyie bibi yako?"

Chaba aliinamisha kichwa.

"Ndiyo maana yake, siyo?" Mzee aliacha kutabasamu. "Unataka kumwekea bibi yako paka wa uongo mapajani. Kwangu hatoki paka kwa kazi hiyo."

Hapo Chaba aliangua kilio, kile cha mtu aliyefika mwisho wa njia. Alilia akilalamika kwamba hakuna tena paka popote, kwamba hata yule wa hekaluni alikuwa na alama kumi.

"Ya kumi iko wapi?" aliuliza Babu Prayong.

"Ubavuni. Ya mraba."

"Mraba? Pembe zimenyooka?"

"Zimenyooka."

"Wee mtoto! Paka gani anazaliwa na mraba? Huyo alinyolewa akashonwa jeraha. Wichienmat ukimnyoa, ngozi inapigwa na baridi, na manyoya yanayoota pale huota meusi. Baadaye hurudi rangi yake. Umemtazama uso?"

Chaba hakuwa amemtazama uso. Alikuwa amehesabu tu.

Alirudi nyumbani akihema kama mbwa. "Bibi! Kuna paka hekaluni, huenda ni Nuan!" Bibi Lamduan, ambaye kwa siku nyingi alishindwa hata kufika chooni bila kushikwa mkono, alisimama mwenyewe. Mama akawapakia kwenye pikipiki yake yenye kigari cha pembeni. Bibi alikuwa amekumbatia kisahani cha bluu na vibua vyake.

Hekaluni, bibi aliinama mbele ya kizimba. "Nuan. Nuan wangu." Paka akainua kichwa, akatoa sauti ya kukwaruza.

"Ndiye!" bibi alisema.

Mama Bunruean alimtazama kwa huruma. "Bibi, paka wote hapa huinua kichwa wakinusa vibua. Nimeshaahidi watu, na siwezi kumtoa kwa macho tu. Wako alipotea wapi?"

"Nyumbani, upande huu wa mfereji. Alitorokea dirisha la jikoni."

Mtawa alitikisa kichwa. "Basi siye. Huyu waliniletea wakata miwa wa ng'ambo, amechanwa na waya, siku ya pili baada ya mvua ya kwanza. Paka aliyetoka dirishani kwenu angevukaje mfereji? Pole sana."

Bibi taratibu aliachia waya za kizimba, kidole kimoja kimoja, na mama akamshika asianguke. Chaba aliona uso wa bibi ukizimika. Kesho asubuhi Bangkok, na baada ya hapo hakuna tena. Aliogopa mama, aliogopa mtawa, lakini zaidi ya wote aliyaogopa macho ya bibi.

"Hakutorokea dirishani," alisema.

Wote wakamgeukia.

"Nilimchukua mimi. Bibi ulikataa, nikamchukua ulipolala. Nilimpeleka kwenye tenga la mvua, wakammwagia maji, akakimbilia kwenye miwa. Nilimfunga shingoni utepe wangu mwekundu wa shule, wenye mafundo mawili." Akamgeukia bibi yake. "Dirisha lilikuwa limefungwa, Bibi. Nilidanganya."

Mama Bunruean aliondoka. Aliporudi alikuwa ameshika utepe mwekundu uliochakaa, na mafundo yake mawili. Akaufungua mlango wa kizimba.

"Watu wa Bangkok nitawapigia simu," alisema.

Nuan alipanda mapajani kwa bibi kana kwamba alitoka jana. Njia nzima bibi hakumsemesha Chaba, na kimya kile kilimuuma kuliko fimbo.

Jioni, barazani, bibi alichambua vibua. Kipande cha kwanza alimpa Nuan. Cha pili alikitia mwenyewe mdomoni, akatafuna polepole, na mama akageuka upande ili wasimwone akilia. Kisha bibi akaisogeza sahani mbele ya Chaba.

"Siku ile ungeniambia, ningekufokea," alisema. "Ningekufokea sana. Halafu tungevuka mfereji usiku uleule, tukamwita, angekuja. Mkono wako ulimpoteza Nuan mchana mmoja tu, mwanangu. Mdomo wako ndio uliomficha siku zote hizi."

Bibi akampapasa kichwa.

"Kosa likikutoka, litaje likingali dogo. Kesho utaandamana na mama yako kubandua zile picha kwenye nguzo, na kila atakayeuliza paka alikuwa wapi, utamwambia wewe, kwa mdomo wako. Sasa kula."

Chaba akala, machozi yakimdondokea sahanini.