Mkono Usiosikika kwenye Santuri

Uvumi ulimganda Neasa kama harufu ya moshi kwenye sweta. Mpenzi wake Cóilín alionekana kwenye baa kule kijijini Carna, Ayalandi, ameshika mkono wa mwanamke wimbo mzima, anauzungusha taratibu, macho wameyafumba wote wawili.

"Nimewaona mwenyewe," shoga yake Úna aliapa. "Nywele nyekundu, gauni la kijani limemkaa huyo! Shauri yako."

Neasa na Cóilín walikuwa wamekutana sokoni Galway, Jumamosi ya mvua, kila mmoja kadaka upande wa santuri ileile ya mtumba.

"Dada, niachie hiyo."

"Mkono wako umechelewa, kaka."

"Basi tuisikilize wote."

"Mashine ya kuipigia unayo?"

"Mashine sina. Maneno ninayo."

Neasa akacheka, akanasa. Tangu hapo Jumamosi zilikuwa zao, chumbani kwa Neasa juu ya duka la mikate, chai na mkate wa siagi, santuri ikizunguka. Neasa alikulia Dublin. Nyimbo hizo za Kiairishi, za sauti tupu bila ala, alizijua kwa santuri tu. Lakini alizijua! Alijua mwimbaji anaibia wapi pumzi, na neno moja linavyopanda na kushuka bila haraka.

Sasa simu ikaita.

"Mpenzi, mbona hupokei?"

"Kamuulize wa gauni la kijani."

"Bairbre? Neasa, ngoja nikue..."

Akakata. Akazima kabisa, wiki nzima. Hata santuri ikamchachia.

Jumapili akavaa koti lake jekundu, akapaka rangi ya mdomo ya ugomvi, akapanda basi hadi Carna. Baa ilijaa. Cóilín yule pale ukutani, na Bairbre kando yake na nywele zake nyekundu. Kabla Neasa hajafungua mdomo, mwenye baa akaita, "Mgeni, tuimbie!" Watu wote wakamgeukia.

Akaimba kwa hasira, wimbo wa santuri ile ya sokoni. Ubeti wa pili maneno yakamkimbia. Mara mkono wa joto ukaushika wake, ukaanza kuuzungusha polepole, kama mtu anayevuta maji kisimani. Ulikuwa wa Bairbre.

"Vuta pumzi, mwaya. Tupo nawe."

"Hewaa!" sauti zikamtia moyo kutoka kila kona. Maneno yakarudi. Mstari wa mwisho hakuuimba, aliusema tu, kama wafanyavyo waimbaji wake wote wa kwenye santuri.

"Kumbe ule mkono..." akaanza.

"Anayeimba hushikwa, asizame peke yake," Bairbre akacheka. "Mume ninaye, yule pale anamaliza chipsi zangu."

Cóilín akasogea. "Ungeniacha nimalize sentensi moja tu, wewe mwanamke!"

"Kwenye santuri mkono hausikiki," Neasa akasema, uso umemwiva kama koti lake.

Cóilín akaushika mkono wake. "Huu nataka niushike hata siku usipoimba. Utakubali nikuoe?"

"Nimekubali. Ila mashine inabaki yangu."

Baa nzima ikapiga meza.

Basi mabinti, mnaopenda na mtakaopenda, epukeni haya:

Kukata simu mwenzako hajamaliza kusema.

Kumsadiki shoga aliyeona kwa mbali.

Kuzima simu wiki nzima ukaita hiyo ni heshima.

Kudhani santuri imekuonyesha yote.

Na kumwacha mtu aimbe bila wa kumshika mkono.