Tangi la Nyuma la Delmer Ratliff

Kwanza ilikuwa sindano ya mafuta. Delmer Ratliff aliegesha pikapu yake kuukuu mlangoni jioni ikiwa na robo tangi, na asubuhi alipowasha, sindano ilisimama kwenye nusu. Mtu mwenye akili angeogopa. Delmer alichekelea. Aliingia jikoni akipiga makofi, akamwambia mkewe kwamba gari lake linazaa petroli, na watu wa bonde hili wajiandae kufa kwa kijicho.

Huyo ndiye Delmer. Sisi majirani zake tulimjua vizuri, mtu asiyefundishwa kitu. Ukimwambia mvua inanyesha, atakueleza kwa nini wewe hujui mvua ni nini. Pikapu yenyewe hakuitolea jasho, aliirithi kwa mjomba wake Burl. Ilikuwa na matangi mawili, la mbele na la nyuma, na swichi ndogo kwenye dashibodi ya kuchagua mafuta yatoke wapi. Mzee Burl hakulitumia la nyuma hata siku moja. Kifuniko chake alikipiga kufuli, na juu ya kufuli akazungusha waya. Wengine wangejiuliza. Delmer alisema marehemu alikuwa bahili tu, basi.

Wa kuumia alikuwa mkewe, Arveda. Figo zake zilikuwa zimekufa, na mara tatu kwa wiki ilibidi avuke mlima kwenda mjini kuunganishwa na mashine ya kusafisha damu. Asipofika miguu inavimba, halafu maji yanapanda kifuani, halafu ndiyo basi tena. Kulikuwa na kibasi cha kaunti kilichokuwa kikimchukua mlangoni. Siku Delmer alipopata pikapu, alikipigia simu akakifukuza. "Mke wa Ratliff hapandi gari la ombaomba," alisema, na kurudi kwenye zamu ile kulihitaji miezi ya kusubiri. Mimi hadi leo namshangaa mtu anayejenga heshima yake kwa figo za mwenzake.

Haikupita wiki, pikapu ikaanza vituko. Ilipanda mlima vizuri hadi kona ya mgodi uliofungwa, ikasita, ikakohoa, ikazima. Wakangoja. Ikawaka, ikasogea kidogo, ikazima tena. Arveda alifika mjini amechelewa, wakamweka kwenye mashine kwa muda mfupi kuliko aliotakiwa, akarudi nyumbani viatu havimwingii.

"Filta hiyo," alisema Delmer. Akabadilisha filta, gari likazima pale pale. "Basi ni pampu." Akafunga pampu mpya, likazima. Akafungua kabureta juu ya meza ya chakula, kando ya maharagwe na mkate wa mahindi, akaisugua kwa mswaki wa mkewe, akairudisha na skrubu mbili zimebaki mkononi. Likazima. Fundi wa kweli huanza kwa kupima. Atachomoa mpira aone mafuta yanakuja kwa nguvu gani, atafungua kifuniko asikilize kama tangi linavuta hewa. Delmer apime nini? Delmer anajua!

Wendell, kaka yake Arveda, dereva wa malori, alipita kumsalimia dada yake, akaikuta miguu yake imevimba.

"Shemeji, umepima presha ya mafuta?"

"Nipime wakati najua?"

"Haya, mjuaji. Basi nimchukue dada nimpeleke mjini mimi mwenyewe."

"Wewe Wendell, kapeleke viazi vyako Ohio. Huyu ana mume."

"Mume!" Wendell alisema, akatema mate chini. Alimbusu dada yake kichwani, akaenda zake, maana mzigo ulikuwa unamngoja na safari ilikuwa ya wiki kadhaa.

Arveda ndiye aliyeisikia sauti kwanza. Alikuwa anaanika nguo, asubuhi, ukungu bado umekaa bondeni, na gari limesimama na ufunguo uko jikoni. Ikatoka sauti ya koromeo chini ya gari. Glu. Kimya. Glu. Ilikuwa sauti ya kumeza. Alisogea taratibu, shuka mkononi, na harufu ikamkuta. Ilikuwa petroli ya siku nyingi, ile inayonuka vanishi, na chini yake harufu nyingine, ya kinywa cha mtu aliyeamka sasa hivi. Akaweka kiganja kwenye tangi la nyuma. Lilikuwa na joto, na lilikuwa linapanda na kushuka.

"Delmer," alimnong'oneza mumewe jikoni, "kuna kitu kinameza mle ndani."

"Vali hiyo imekufa. Mafuta ya tangi la mbele yanarudi la nyuma. Hata mtoto anajua."

"Vali haipumui."

"Ah, wewe na ndugu zako! Kila kitu mashetani." Akakata kipande kingine cha mkate.

Lakini neno la tangi la nyuma lilimwingia, na kesho yake, mchana kweupe, akakata waya, akakata na kufuli. Alikuwa ameshaamua kwamba petroli iliyooza mle ndiyo inayochafua kila kitu, kwa hiyo ainyonye yote aimwage. Alichukua mpira mwembamba wa plastiki, ule unaoonyesha kilichomo, akautumbukiza.

"Tumia basi pampu ya mkono," Arveda alisema kwa sauti ya chini. "Nakuomba."

"Pampu ya mkono ni ya wanawake. Mimi nimenyonya petroli tangu sijaota ndevu."

Akautia mdomoni. Akavuta, hakikuja kitu. Akavuta tena, mashavu yakadidimia, na Arveda, aliyekuwa ameukazia macho mpira, aliona kwamba kinachopanda si petroli, kwa sababu petroli ikivutwa hupanda moja kwa moja, na hiki kilikuwa kinapanda na kusimama, kinapanda na kusimama, kama mtu anayepanda ngazi za nyumba ya watu gizani, na kabla hajapata sauti ya kupiga kelele kilikuwa kimefika juu, mpira ukamponyoka Delmer mikononi, na yeye, badala ya kutema kama watu wote wanavyotema, akameza.

Hakuanguka. Alijifuta midomo kwa mkono.

"Tamu," alisema, kwa sauti ambayo Arveda hakuwahi kuisikia kwake.

Na pikapu ikapona! Asubuhi iliyofuata Delmer hakutaka kutoka jikoni, basi Arveda akashika usukani mwenyewe. Iliwaka mara moja, ikapita kona ya mgodi bila hata chafya. Alikaa kwenye mashine muda wake wote. Kufikia mwisho wa wiki viatu vilimwingia, na akaweza kupanda ngazi za kanisani bila kushika ukuta. Alifurahi, kwa nini asifurahi?

Ila nyumbani palikuwa hapakaliki. Delmer alikuwa akianza sentensi, na katikati anasita, anakohoa, anazima, mdomo wazi, macho wazi, hakuna mtu ndani, na Arveda anakaa na sahani yake anangoja, hadi Delmer anawaka tena na kuendelea na neno lile lile alilokatika nalo. Chakula hakutaka. Alikuwa akienda kusimama nyuma ya gari, pua kwenye kifuniko, saa nzima. Nyumba ikanuka vanishi hadi kwenye mito, na siku moja Arveda alipowasha jiko la gesi ndimi zote za moto zililala upande mmoja, upande alioketi mumewe, na siku hiyo, huku anazitazama, akasikia ile glu, glu, ikitoka tumboni mwa Delmer ambaye midomo yake ilikuwa imefumba, kisha midomo ikafumbuka na yule mwingine akasema, polepole, kama mgeni anayesifia chumba alichopewa, "Kule kulikuwa baridi. Bati tupu. Huku kuna joto."

Arveda si mtu mbaya. Alimfuata Bibi Hester Slone, anayekaa juu kijitoni, anayeponya walioungua kwa kuwapulizia na kuzuia damu kwa maneno asiyoyatoa nje. Bibi Hester alifika, akamnusa Delmer, akakunja uso.

"Mwanangu, masharti yangu unayajua. Mimi sishukuriwi. Mtu wa nyumba hii akisema asante, nilichokitoa kinarudi pale pale nilipokitoa. Kwa Delmer sina wasiwasi, hilo neno halijawahi kumtoka."

"Kikitoka kitakwenda wapi, Bibi?" aliuliza Arveda.

"Kwake. Kule kilikozoea." Alielekeza kidevu kwenye pikapu.

"Hakuna pengine?"

"Hakuna. Ni huku au kule."

Akamshika Delmer taya, akampulizia kinywani mara tatu. Delmer alijikunja, akafoka, na hewa iliyomtoka ilikuwa inacheza kama ile ya juu ya lami wakati wa jua kali. Ikapita mlangoni. Nje kifuniko cha tangi kikagonga, na tangi likameza. Arveda alitoka mbio akawasha gari. Likasita, likakohoa, likazima. Akajaribu tena, likazima.

Aliporudi ndani, Delmer alikuwa amejaa kitini, mzima, mashavu mekundu.

"Nani kakuita, kikongwe? Pumzi yenyewe inanuka vitunguu!" Akamgeukia mkewe. "Nimesikia gari linazima. Si niliwaambia ni pampu? Wameniuzia feki. Nitaagiza nyingine."

"Kesho ni siku yangu ya mashine, Delmer."

"Ukikosa moja hufi."

"Na ya pili?"

"We mwanamke, mimi hili gari nalijua! Niachie mimi."

Bibi Hester alikuwa anafunga kitambaa chake kichwani, yuko tayari kuondoka. Arveda alimtazama mumewe, akaitazama miguu yake mwenyewe. Kisha akamshika bibi mkono kwa mikono yake yote miwili.

"Asante," alisema. "Asante sana, Bibi Hester. Mungu akubariki."

Bibi Hester hakufoka. Alimgusa shavu, akatoka.

"Pampu za siku hizi," Delmer alikuwa anasema, "zinatengenezwa na watu ambao hawaju—"

Akasita. Akakohoa. Mdomo ukabaki wazi. Nje pikapu, na ufunguo ulikuwa bado umo, iliwaka yenyewe ikanguruma vizuri kabisa.

Arveda alitoka akaizima, akaweka blanketi lake la hospitali kwenye kiti kwa ajili ya kesho. Kisha alirudi jikoni akakisogeza kiti cha mumewe mbali na jiko, maana alitaka kupika.